Saa Aliyoichagua Mehluli

Siku hiyo tulitoka nyumbani kununua mkate na mishumaa. Basi. Kibanda cha Mzee Sigola, fundi saa, kilikuwa njiani tu, chini ya baraza la jengo kuukuu, karibu na mahali tunapopandia gari la kurudi Luveve. Lakini mume wangu hakuweza kupita pale bila kusimama.

Miezi saba alikuwa akisimama pale.

Mehluli anafundisha hesabu sekondari, na kila kitu kwake lazima kipimwe. Nyumbani alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa saa zilizokufa, za plastiki, za kung'aa, za zawadi. Alipofikisha miaka arobaini na mitano alisema amechoka nazo. Alitaka saa moja tu. Aivae kazini, kanisani, shambani kwa mama yake, mvua ikinyesha na jua likiwaka, mpaka mwisho wake.

"Mimi ulinichagua kwa wiki mbili," nilimwambia tukiwa tunakikaribia kibanda.

"Wewe hukuwa kwenye trei na wenzako kumi," akajibu.

Ilikuwa Julai, na Bulawayo jua likishazama baridi inaingia hadi kwenye meno. Mzee Sigola alikuwa ameanza kukunja vitu vyake. Alipomwona Mehluli akacheka kidogo, akatandika tena kitambaa chake cheusi.

"Mwalimu, leo nioneshe huruma. Chagua."

Alitoa ya kwanza, kubwa, yenye visaa vitatu vidogo ndani yake. Mehluli akairudisha. Alisema hiyo itamchosha macho kabla hajafika hamsini. Ya pili ilikuwa ya rangi ya dhahabu.

"Hii ni ya mchungaji mwenye madeni," nikasema, na mzee akairudisha mwenyewe.

Kisha akasita. Akafungua droo ya chini kabisa.

Ilikuwa saa ya kawaida. Uso mweupe ulioanza kuwa wa njano kama jino la mvuta tumbaku. Mishale myeusi. Mkanda wa ngozi ya kahawia.

"Hii haikuwa ya kuuza," alisema. "Iliachwa hapa itengenezwe. Mwaka wa pili sasa, mwenyewe hajaifuata."

"Ilikuwa na tatizo gani?" Mehluli aliuliza.

"Niliambiwa inachelewa. Nikaifungua." Akatazama pembeni. "Haikuwa na tatizo lolote."

Mehluli aliivaa. Mkanda ukaingia wenyewe kwenye tundu lililolegea kwa kuvaliwa, na lilikuwa tundu lake hasa. Akanyoosha mkono, akaugeuza. Miezi saba sikuwa nimemwona akitabasamu vile.

Nikaigusa ile saa.

Ilikuwa na joto.

Zile nyingine zilikuwa baridi kama mawe ya mtoni. Hii ilikuwa na joto la mwili, kama kitu ambacho mtu amekivua sasa hivi.

"Baba, ulikuwa nayo mfukoni?" nilimuuliza mzee.

"Hapana, mwanangu. Ilikuwa kwenye droo."

Hapo ndipo ningepaswa kumshika mume wangu tuondoke. Yeye akalipa, mimi nikanunua mkate.

*

Wiki ya kwanza haikuwa na kitu, isipokuwa mambo madogo. Mehluli hutumia mkono wa kulia. Lakini jioni moja tukiwa mezani nilimwona anamega isitshwala, ugali wetu, kwa mkono wa kushoto, anachovya kwenye mchuzi, anakula.

"Baba Ntando," nikamwambia taratibu. "Mkono."

Akautazama. Namna alivyoutazama ndiyo iliyonisumbua. Aliutazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeketi bila kukaribishwa.

Siku mbili baadaye meza ikaanza kugongwa.

Ngo. Ngo.

Mara mbili, kwa vifundo vya vidole, juu ya meza. Kisha kimya... kama mtu anayesubiri kuhudumiwa.

"Unataka nini?" nilimuuliza kutoka jikoni.

"Sijasema kitu."

"Umegonga meza."

"Mimi?" Mehluli alikuwa na kalamu nyekundu mkono wa kulia, anasahihisha madaftari. "MaMlotshwa, usinitanie."

Ngo. Ngo.

Tuliutazama mkono wa kushoto, sote wawili.

Tangu hapo hakutulia tena, na mimi pia sikutulia. Alikuwa akitembea kutoka sebuleni hadi uani, kutoka uani hadi sebuleni, mkono wa kushoto ameuchomeka kwapani. Nilifurahi kwamba Ntando, mtoto wetu, yuko bweni. Jumapili jioni, umeme umekatika, alikuja akaketi mbele yangu kwenye mwanga wa mshumaa.

"Wewe ni nesi," alisema. "Nipime."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nasikia kama... kama nimembeba mtu."

Nilimshika vifundo vya mikono yote miwili kwa wakati mmoja. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikihesabu mapigo ya watu. Vidole vyangu havihitaji kufikiri.

Mkono wa kulia ulikuwa unakimbia. Themanini na nane. Mapigo ya mtu mwenye hofu.

Wa kushoto ulikuwa hamsini na mbili. Mazito. Ya polepole. Ya mtu mzee aliyekaa zake, asiye na haraka yoyote.

Nilihesabu tena. Nikahesabu mara ya tatu.

Vidole vyangu vilikuwa vimewashika watu wawili.

"Ivue," nikanong'ona.

Alifungua mkanda kwa mkono wa kulia, na saa ikaanguka mapajani mwake. Papo hapo mkono ukapoa. Namaanisha ukapoa mikononi mwangu, nikiwa nimeushika. Kucha zikawa za bluu. Nikatafuta mapigo chini ya kidole gumba. Hakuna. Nikatafuta kwenye mkunjo wa kiwiko. Hakuna. Baridi ikaanza kupanda kuelekea begani, na macho ya Mehluli yakageuka, yakabaki meupe.

Nilimvalisha. Nilimvalisha mwenyewe, kwa mikono yangu, mkanda ukaingia kwenye tundu lile lile.

Mapigo yakarudi. Hamsini na mbili.

*

Jumatatu mchana nilikwenda peke yangu kwa Mzee Sigola. Aliponiona hakuuliza kitu. Alitoa daftari lake la kupokelea saa, akafunua, akaweka kidole kwenye jina. MaGumpo, mke wa Mabhena. Makokoba.

"Ulijua," nilimwambia.

"Sikujua. Niliona tu." Alipunguza sauti, ingawa tulikuwa wawili. "Nilikuwa naiweka ikitazama ukuta. Asubuhi naikuta inatazama mlango."

"Kwa nini basi ukatuuzia?"

Alilifunga daftari.

"Mumeo alikuwa anatafuta ya maisha yote, binti yangu. Na yenyewe ilikuwa inatafuta."

Nilitamani kumtukana. Nikageuka, nikaondoka.

Siku hiyo hiyo, Mehluli alipotoka shule, tukaenda Makokoba. Tulifika moshi wa kuni umeshajaa vichochoroni. MaGumpo alikuwa mama mwembamba wa miaka sitini na kitu, na nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa safi. Alitukaribisha vizuri, akatupa viti. Kisha Mehluli akaweka mkono mezani, na yule mama akaona saa.

Hakupiga kelele. Alirudisha kiti chake nyuma, taratibu, mpaka kikagota ukutani.

"Nilimwambia yule fundi inachelewa," alisema. "Haijawahi kuchelewa hata siku moja. Nilitaka tu ikae mbali."

"Mama, tunaomba utusaidie," nilisema. "Alikuwa nani?"

"Mume wangu."

Ngo. Ngo.

MaGumpo alisimama. Alikwenda kwenye ndoo, akachota maji kwenye kikombe, akageuka, na alikuwa ameshapiga hatua tatu kuelekea mezani ndipo akajua anachokifanya. Akasimama ghafla. Maji yakamwagika kwenye kanga yake.

"Miaka mitatu yuko chini ya udongo," alisema kwa sauti ndogo, "na miguu yangu bado inamsikia."

Hapo ndipo nilipoitazama mikono yake. Mkono wa kulia, vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimepinda upande. Naijua mifupa iliyovunjika ikaachwa ijiunge yenyewe. Juu ya kiwiko kulikuwa na mwingine. Na ule uvimbe kwenye taya haukuwa wa kuzaliwa nao.

"Alikuwa anatumia mkono wa kushoto," alisema alipoona ninachotazama.

Mehluli aliuvuta mkono wake mezani. Mkono haukuvutika. Vidole vilikuwa vinatembea polepole juu ya kitambaa cha meza, kuelekea upande wa yule mama.

"Sio mimi," mume wangu alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mama, naapa, sio mimi."

"Najua, mwanangu. Ningekujua ungekuwa wewe."

Niliulalia ule mkono kwa kifua changu chote. Nikamuuliza MaGumpo kama waliwahi kumfanyia marehemu umbuyiso. Kwetu mwaka ukipita baada ya mazishi lazima ndugu wapike pombe, wachinje, wamwite mtu wao arudi nyumbani akawe mlinzi wa watoto wake. Asipoitwa anabaki nje.

"Watoto walitaka," alijibu. "Walituma hadi hela ya ng'ombe kutoka Johannesburg. Mimi ndiye niliyekataa."

"Basi ufanyike. Mama, tafadhali. Sisi tutagharamia pombe, tutagharamia kila kitu. Akirudi kwake atamwachia mume wangu."

MaGumpo aliweka kikombe chini.

"Nikimwita nyumbani," alisema, "atakuja nyumbani."

Nilielewa. Na Mungu anisamehe, niliendelea kumbembeleza. Nilimwambia nina mtoto wa miaka kumi na mitano. Nilimwambia mfu hawezi kumfanya kitu tena, huku mkono wa mfu ukisukuma mbavu zangu chini ya kifua. Nilimwita mama mara nyingi kuliko nilivyomwita mama yangu mzazi mwaka mzima. Mwisho akaanza kuitikia kwa kichwa, akiwa ametazama chini, kama mtu aliyezoea kukubali.

Mehluli ndiye aliyenikatiza.

"MaMlotshwa. Twende zetu."

"Hatujamaliza."

"Tumemaliza." Alisimama, akaushika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia, akaukandamiza tumboni. "Mama, kaa kwa amani. Huyu atakaa na mimi."

Sikusema naye njia nzima hadi Luveve. Nilikuwa nimemkasirikia, na nilikuwa naona aibu, na sikujua kipi ni kipi.

*

Mwezi uliofuata MaGumpo alikuja kliniki kwetu kuchukua dawa ya presha. Alisubiri wagonjwa wote waishe. Aliniambia anahama, anakwenda kuishi kwa binti yake, na kwamba anayepajua ni mimi peke yangu. Alitaja jina la mahali sikioni mwangu. Sitaliandika hapa. Mehluli hakuniuliza, na mimi sikumwambia, kwa kuwa wote wawili tulishajua kwamba analolijua yeye, mkono nao unalijua.

Tukazoea. Inashangaza mtu anavyoweza kuzoea. Nyumbani aliufunga kwa kitambaa shingoni, na shuleni akasema ameteguka bega. Ukigonga meza hatuitiki. Mimi nalala upande wake wa kulia.

Jumamosi ya wiki tatu zilizopita alipitiwa na usingizi mezani mchana, kichwa kikiwa juu ya madaftari ya watoto. Mimi nilikuwa napiga pasi. Nilisikia karatasi ikikwaruza.

Krr... krr...

Niligeuka. Mkono ulikuwa umetoka kwenye kitambaa. Ulishika ile kalamu nyekundu, na ulikuwa unaandika pembezoni mwa daftari la mwanafunzi, kwa mwandiko ulioinamia upande ambao si wa mume wangu.

Yuko wapi.

Mehluli alikuwa anakoroma. Mkono ukaigeuza kalamu vidoleni, ukaielekeza upande wangu. Ukanipa.

Nilizima pasi. Sijui kwa nini nilizima pasi kwanza. Nikaenda, nikaipokea kalamu. Ilikuwa na joto. Nikainama, nikaandika chini ya maneno yale, kwa herufi kubwa ili yasomeke.

AMEKUFA.

Kiganja kikapita juu ya maandishi, polepole, kama kipofu anavyosoma uso wa mtu. Kikasimama hapo. Kisha mkono ukalala mezani, ukanyamaza. Nilichana ule ukurasa nikauchoma, na Jumatatu yule mtoto alipewa daftari jipya bila kuelezwa sababu.

Tangu siku hiyo haujagonga wala haujaandika. Mehluli anasema anajisikia mwepesi. Anasema labda umekwisha, labda tujaribu kuivua tena. Mimi namwambia tusubiri kidogo.

Sikumwambia jambo moja. Nalala upande wa kulia, nimempa mgongo, nimejifunika hadi shingoni. Lakini asubuhi tatu sasa nimeamka na kukuta mkono wake wa kushoto umevuka mwili wake wote, umevuka bega langu, na ncha za vidole zimetulia juu ya midomo yangu.

Zinasubiri.

Na dada yangu, niliyelala naye kitanda kimoja hadi nilipoolewa, aliniambia zamani kwamba huwa nazungumza usingizini.