Mtego wa Nane

Kila jioni Naima alirudi kutoka njia panda na beseni lake tupu la vitumbua. Alivua kandambili mlangoni, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Bibi Tusajigwe, mama mkwe wake.

Basi. Mazungumzo ya siku nzima yalikuwa yamekwisha.

Usidhani walikuwa wamegombana. Hapana. Naima ni mtu wa Tabora, na Kinyakyusa chake kiliishia kwenye salamu. Bibi alizaliwa hapo hapo Ikuti, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Aliyewaunganisha ni Yussuph, mume wa Naima, mtoto pekee wa bibi. Yussuph alikuwa na mdomo! Alikula huku anaongea. Tonge moja alimsimulia mama yake kwa Kinyakyusa, tonge la pili alimsimulia mkewe kwa Kiswahili. Hakuna aliyeona haja ya kujifunza lugha ya mwenzake.

Mwaka jana, wakati wa mvua, Yussuph aliugua kifua. Akafariki baada ya siku tisa, Mungu amrehemu. Tangu hapo watu watatu walikula ndizi zao kimya: Naima, bibi, na Tausi, binti wa Naima, aliye darasa la sita. Walisikiliza mvua kwenye bati. Na mvua ya Rungwe, kama unaijua, haina haraka ya kwenda popote.

Siku moja Tausi alirudi shuleni na kitabu chembamba. Kilihusu wanyama walio hatarini kutoweka.

"Mama, mwalimu Dennis amesema tukisome na watu wote wa nyumbani," alisema. "Halafu tuandike jambo moja tunalolijua sisi, ambalo kitabu hakina."

"Mwambie mwalimu wako mama amechoka."

"Amesema hata waliochoka."

Naima akavuta kigoda. Walikaa jikoni, karibu na moto. Tausi alisoma kwa sauti, ukurasa mmoja mmoja. Alisoma kuhusu faru, jinsi walivyouawa kwa ajili ya pembe zao mpaka wakabaki wachache. Kila baada ya sentensi mbili alisimama, akamweleza bibi kwa Kinyakyusa. Bibi aliendelea kumenya ndizi. Faru hakuwahi kumwona, na wala hakumkosa.

Tausi akafungua ukurasa mwingine. Palikuwa na picha ya nyani mwenye manyoya marefu ya kahawia, na nywele zimesimama kichwani.

Bibi aliweka kisu chini.

"Kipunji," alisema.

"Ndiye, bibi!" Tausi akasoma haraka. "'Kipunji anaishi Tanzania tu. Yuko katika msitu wa mlima Rungwe na misitu michache mingine. Wataalamu walimgundua mwaka wa elfu mbili na tatu.'"

Alipomaliza kumweleza bibi, mzee yule aliuliza jambo. Tausi akacheka mpaka kitabu kikamponyoka.

"Anasemaje?" Naima aliuliza.

"Anauliza, kama wamemgundua juzi, siku zote hizo yeye alikuwa anamwona nani?"

Naima naye akacheka. Alishtuka kujisikia akicheka. Alikuwa hajacheka ndani ya nyumba ile kwa miezi mingi.

Bibi akanogewa. Alivuta pumzi, akatoa mlio mzito na mfupi kutoka kifuani. Ulikuwa kama mtu anayekohoa na kuita kwa wakati mmoja. Kisha akasema maneno mengi, na Tausi akayaeleza kwa Kiswahili. Kipunji hulia hivyo asubuhi. Ukimsikia penye mikuyu, ujue maji yako karibu.

"Hilo kitabu hakina," alisema Tausi. "Nitaliandika."

Akafunua ukurasa uliofuata. Palikuwa na picha ya waya uliopindwa kitanzi, umefungwa kwenye mti mdogo.

"'Mtego wa waya hauchagui,'" alisoma. "'Umetegwa kwa ajili ya ngedere, lakini utamkamata minde, yule paa wa msitu wa mlimani, utamkamata hata kipunji akishuka chini. Na mtu aliyeutega akiondoka, mtego unabaki kazini...'"

"Funga kitabu," alisema Naima.

"Bado kurasa nne, mama."

"Nimesema funga."

Siku tatu kitabu kilikaa juu ya kabati, na nyumba ikarudi kwenye ukimya wake. Safari hii ukimya uliuma zaidi, kwa sababu walikuwa wameonja kicheko.

Naima alijua kwa nini alikasirika. Nyuma ya mlango wa jikoni zilining'inia nyaya nne za breki ya baiskeli. Yussuph alizichukua kumi na mbili kwa fundi. Shamba lao la mahindi liko juu, mwendo wa saa mbili, pale mashamba yanapokoma na msitu wa mlima unapoanza. Ngedere walikuwa wamelimaliza karibu nusu. Ni Naima mwenyewe aliyemwambia mumewe, "Fanya kitu! Utakaa unawatazama?" Yussuph akawa anakwenda kutega. Wiki chache baadaye akaugua.

Nyaya nane zilikuwa bado msituni. Wapi, Naima hakujua. Na hata angejua, angemwambiaje mama mtu kwamba kazi ya mwisho ya mwanawe ilikuwa kosa? Angemwambia kwa lugha gani?

Siku ya nne, mteja alikaa kwenye benchi la Naima njia panda. Alikuwa Dada Lilian, ambaye hupita vijijini kufundisha watu habari za hifadhi ya msitu. Alikunywa chai na vitumbua vitatu. Naima alizunguka mbuyu kwanza. Aliuliza habari za barabara, akauliza za mvua. Kisha akasema:

"Dada, hivi waya ukikaa msituni mwaka mzima, si unaoza?"

"Waya gani?"

"Wowote tu. Wa breki, tuseme."

"Huo hauozi mwaka," alisema Lilian. "Hata miaka mitatu unaweza kuua. Mahindi yamevunwa, mwenye shamba amesahau, lakini mtego haujui kwamba kazi imekwisha. Mnyama anapita, unamshika mguu. Anakaa hapo peke yake siku mbili, tatu, mpaka anakufa. Hakuna hata anayekuja kumchukua."

Naima alifuta meza iliyokuwa safi tayari.

"Na kama aliyeutega amekufa?"

Lilian aliweka kikombe chini. Alimtazama Naima, akaiona kanga nyeusi aliyojifunika.

"Basi aliyebaki ndiye anaweza kuutoa," alisema polepole.

"Watamwita marehemu jangili. Watamsema vibaya."

"Dada yangu, mitego imekatazwa kwenye hifadhi, hilo sitakuficha. Lakini mtu anayekuja mwenyewe kuonyesha mitego tunamshukuru. Tunachotaka ni waya. Ila usiende peke yako. Mimi nitazungumza na walinzi wa msitu, tutakwenda pamoja."

"Na ngedere je? Watoto wangu wale nini, mimi nikiacha mahindi yaliwe?" Naima ana mtoto mmoja, lakini hasira ilimwongezea.

Lilian hakukasirika. "Ngedere anakula mahindi, kweli. Kipunji naye mara chache hushuka. Lakini ukiua mmoja, kesho wanakuja wengine. Mlinde shamba kwa zamu na majirani, mahindi yanapoanza kukomaa. Pigeni madebe. Na mistari ya kando, iliyo karibu na msitu, msipande mahindi. Pandeni chai. Wanyama hawali chai."

Jioni ile Naima hakungoja kuvua kandambili.

"Tausi, chukua kitabu. Msomee bibi ukurasa ule wa mtego. Mweleze wote, usiruke neno."

Tausi alisoma wote. Alipomaliza kueleza, bibi aliinuka. Alikwenda nyuma ya mlango, akazitoa zile nyaya nne, akaziweka mkekani mbele ya Naima. Kisha akanyoosha vidole vinane.

"Huko," alisema kwa Kiswahili, akionyesha mlimani. "Nane. Mimi najua."

"Ulijua, mama? Mbona hukusema?"

Bibi alitafuta maneno. Hakumtazama Tausi amsaidie. "Wewe unalia fijo, unalia sana. Kila siku unalia huko jikoni. Mimi nasema moyoni, nikimwambia ya waya, atalia tena."

"Na mimi nilinyamaza ili wewe usilie," alisema Naima.

Walitazamana. Mwaka mzima, kila mmoja alikuwa amemficha mwenzake jambo lile lile. Wote wawili waliona aibu, na wote wawili wakalia pamoja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya hata siku ya msiba.

Jumamosi walipanda mlima. Lilian alikuja na walinzi wawili. Bibi aliambiwa abaki nyumbani. Alichukua fimbo yake, akatangulia.

Wangefikaje bila yeye? Yussuph alikuwa na desturi ya kumweleza mama yake kila alikopita. Bibi alikumbuka yote. Mtego mmoja uko penye mti ulioangushwa na upepo. Mwingine uko chini ya mianzi, na mwingine kwenye jiwe lenye ufa. Mmoja baada ya mmoja, walinzi waliikata. Mingi ilikuwa imefunikwa na majani, lakini vitanzi vilikuwa wazi, vikingoja.

Kwenye mtego wa tano palikuwa na mifupa. Mguu mwembamba ulikuwa bado ndani ya waya.

"Minde," alisema Lilian kwa sauti ya chini. "Nao wamebaki wachache."

Ardhi kuzunguka mti ilikuwa imechimbika kwa kwato. Naima alisimama pale muda mrefu. Aliwaza siku alizokaa mnyama yule, akivuta, bila yeyote kujua aliko. Yeye alijua kukaa hivyo kulivyo.

"Ni mimi niliyemtuma," alisema. Tausi alimshika mkono.

Walipata mitego saba. Wa nane bibi hakujua ulipo. Yussuph aliutega siku ya mwisho, akarudi ameanza homa, hakumsimulia mama yake chochote. Walinzi walitafuta hapa na pale. Mawingu yalianza kushuka.

"Turudi," mlinzi mmoja alisema. "Msitu ni mkubwa."

"Ngojeni," alisema Naima. "Siku ile alilala mapema. Aliniambia neno moja tu. Alisema, 'Leo kule nilikotega nimesikia kitu kinakohoa juu ya mti, nikadhani kuna mtu ananiita.' Nilidhani ni homa inaongea."

Tausi alimweleza bibi. Uso wa mzee ukabadilika.

"Kipunji," alisema bibi. "Mikuyu. Maji."

Akageuka, akashuka bondeni kwa fimbo yake, upande ambao hakuna aliyeufikiria. Wengine walimfuata wakiteleza. Baada ya nusu saa walisikia kijito. Kando yake palisimama mikuyu mitatu mikubwa. Chini ya mkuyu wa kati, kwenye kijia chembamba cha wanyama, waya uling'aa. Kitanzi kilikuwa wazi kabisa.

Naima aliomba aufungue mwenyewe. Yussuph alikuwa amefunga fundo lake la kila siku, lile alilofungia mizigo ya baiskeli. Naima alilijua. Alilivuta taratibu, na fundo likakubali.

Aliponyoosha mgongo, alisikia mlio juu yake, mzito na mfupi. Majani yakatikisika. Kwenye tawi alikaa kipunji mmoja, mtoto amemng'ang'ania tumboni. Aliwatazama watu wale, kisha akaruka, akapotea pamoja na wenzake.

Naima alikuwa na nusu ya maneno ya mumewe, na bibi alikuwa na nusu. Nusu hizo zilikuwa zimelala nyumba moja mwaka mzima.

Msimu uliofuata, majirani sita walikubaliana kulinda kwa zamu. Walipiga madebe mpaka wakapata sifa ya kelele. Kando ya msitu Naima alipanda miche ya chai. Bado ni mifupi, lakini inashika. Ngedere walikula mistari miwili ya mahindi. Mistari mingine yote ilifika nyumbani.

Kitabu kilirudi shuleni. Jioni moja, mvua ikiwa juu ya bati, Tausi alikaa jikoni mikono mitupu.

"Leo hatuna cha kusoma," alisema.

Naima alikuwa anaondoa sufuria motoni. Mahali pa Yussuph pale mkekani palikuwa bado wazi. Hakuna aliyekuwa akipakalia, na hakuna aliyetaka kupakalia.

"Mama," Naima alimwambia mama mkwe wake, "nisimulie. Yussuph alipokuwa mdogo, alikuwaje?"

Tausi alifungua mdomo atafsiri. Bibi akamwashiria anyamaze. Alianza kusimulia kwa Kinyakyusa, polepole, neno moja moja, kama anavyosoma mtoto wa darasa la kwanza.

Naima alisogea karibu. Alielewa nusu. Nusu nyingine aliuliza.