Kitabu cha Lori la Kulow

Hakuna lori lililopita kizuizi cha polisi Garissa bila kitabu chake cha umiliki. Kanuni hiyo ilijulikana na dereva, karani na mchunga ngamia. Asiye na kitabu alihesabiwa mwizi. Na katika mwaka ule wa 1966, mwizi wa upande ule alihesabiwa shifta, mwasi mwenye silaha.

Kulow Awil alipatikana kando ya barabara ya Modogashe, kifudifudi, tundu la risasi kisogoni. Lori lake halikuwapo.

Koplo Adow aliugeuza mwili. Inspekta Lazarus akapiga magoti mchangani, akauinua mkono wa kushoto wa marehemu. Dole gumba lilikuwa limepakwa wino wa zambarau.

"Tazama vizuri, Koplo. Chini ya wino kuna nini?"

"Damu, Afande. Imekauka."

"Basi wino ulikuja nyuma ya damu."

Adow alitema mate pembeni. "Astaghfirullah. Maiti amepigishwa muhuri?"

Daktari wa wilaya alitoa kichwani risasi ya bastola. Mashifta wa njia ile walibeba bunduki ndefu. Hata hivyo, mjini neno lilikuwa limekwishaenea: Kulow alikuwa shifta, na mali ya shifta hutaifishwa.

Mjane wake, Timiro, alisimama mbele ya meza ya Inspekta. Alikataa kiti.

"Bwana yangu hakuwa shifta, wallahi. Ngamia yetu yote serikali ilishika. Gari ndiyo ilibaki. Ikienda, watoto yangu watakula nini, mchanga?"

"Aliwahi kutaka kuliuza?"

"Kang'ethe alikuja mara nyingi. Bwana yangu alimwambia, 'Uza mama yako kwanza.'"

Kang'ethe alikuwa mkandarasi wa kupeleka vyakula katika kambi za askari. Lori lilikutwa uani kwake, likipakiwa unga. Alikitoa kitabu kabla ya kuombwa, huku akitabasamu.

"Nilinunua kwa halali, Inspekta, Jumanne ya juma lililopita. Fungua ukurasa wa kuhamisha umiliki. Alama yake ile pale."

Inspekta alifungua. Vitabu vya zamani, vyenye taji la Uingereza, vilijazwa na karani peke yake: namba ya injini, namba ya fremu, rangi, na jina la mwenye gari kwa taipu. Gari likiuzwa, asiyejua kuandika aligandamiza dole gumba, mambo yakaisha. Kitabu hiki kilikuwa kipya, chenye ngao ya Jamhuri, nacho kilimtaka mwenye gari atie sahihi ukurasa wa kwanza kwa mkono wake mwenyewe.

"Kwa nini dole gumba?"

"Hakujua kuandika. Watu wa ngamia hawa, unawajua."

"Na hii ya ukurasa wa kwanza ni nini?"

Kang'ethe aliinama, akatazama. "Hiyo? Karani alikuwa akijaribu kalamu."

"Koplo, soma."

Adow alisoma kutoka kulia. "Kulow Awil Nunow. Herufi za Kiarabu, Afande. Mwandiko wa mtu aliyekaa chuo cha Kurani akafundishwa akaiva."

Tabasamu la Kang'ethe lilikufa.

"Bastola yako ya kibali iko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Imepotea."

Ilipatikana ndani ya gunia la unga. Mtaalamu wa silaha kutoka Nairobi aliilinganisha na ile risasi, zikaafikiana.

Ndipo Kang'ethe alipokiri, kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya sukari.

"Mkataba ulidai malori mawili. Nilikuwa na moja. Kulow alinitukana mbele za watu. Nikamwomba anichukulie mzigo Modogashe, nikapanda naye. Njiani nikamwambia asimame."

"Ukampiga risasi. Kisha?"

"Nilikuwa na wino mfukoni. Lakini mkono wake ulilowa damu, ungechafua kitabu. Nikangoja ikauke."

"Ukifanya nini?"

"Nilikula mkate."

Kalamu ya Adow ilisimama juu ya karatasi. Inspekta aliinuka, akaenda kufungua dirisha.

"Inspekta," Kang'ethe alimfuata kwa maneno, "mimi nawe ni watu wa kanisa moja. Nani angeuliza habari za Msomali mmoja, wakati kama huu? Mjane nitamlipa ngamia. Si ndiyo desturi yao?"

"Usinitajie kanisa kwa kinywa hicho. Mwondoe, Koplo, kabla sijatapika."

Mahakama ilimtia hatiani, ikamhukumu kifo. Lori lilirudi kwa Timiro, na jina lake likaandikwa kitabuni. Ndugu za Kang'ethe walimwendea, wakaahidi ngamia mia iwapo angeiandikia serikali kuomba huruma.

Aliwasikiliza mpaka mwisho. "Serikali ilichukua ngamia yangu, haikuniuliza," alisema. "Na huyu achukuliwe. Mimi siulizwi."

Mwaka uliofuata, Kang'ethe alinyongwa.