Mashine Isiyokubali Kulala

Haya, sogeeni, tegeni masikio. Nina mtoto: ukimwambia lala, halali; ukimwambia zimika, hazimiki; humsikia mama yake tu. Nani huyo?

Shikilieni jibu. Jasusi Nyegere yuko kabatini.

Magoti yamegusa kidevu. Koti la Bosi linamfuta uso, linanuka sigara. Bastola yake, Beretta, imebanwa chini ya paja, haichomoki.

Jasusi huyu aliingia asubuhi akijifanya fundi wa intaneti. Kompyuta inayoendeshwa kwa Linux, mle ofisini mwa Bosi, ndiyo iliyokuwa ikifuatilia lori lake la bunduki za magendo. Akaifanya imwonyeshe lilipo na kaka yake, aliyekuwa akilifukuza kwa Land Cruiser.

Ikizimwa, lori limepotea.

Anataka kutoka, mara viatu vya Bosi na shemeji yake hivyo ngazini! Akajitosa kabatini.

"Shemeji, izime hiyo mashine," Bosi alisema. "Nahisi kuna anayetupeleleza humo."

"Bosi... pa kuzima kwenye kioo hapapo."

"Hapapo vipi? Jana palikuwepo!"

"Na pa kuilaza hapapo. Naandika amri, inaniambia sina ruhusa."

"Mashine yangu, juu ya meza yangu! Nani kapaondoa?"

Shemeji akabonyeza tena na tena.

"Basi chomoa waya!"

"Si ulilifungia boksi lake kwenye wavu wa chuma, na waya na betri humo humo? Ulisema hutuamini."

"Dada yangu nilikupa. Mashine, hapana! Ufunguo uko kwenye koti, kabatini."

Nyegere akabonyeza redio, akanong'ona. "Kaka?"

"Bado kidogo, dada. Vumilia."

Kidogo hicho atakitoa wapi? Hatua zinakuja. Akauchopoa ufunguo mfukoni mwa koti, akautia kinywani.

Mlango ukafunguka. Mkono wa Bosi ukapapasa mfuko, ukapita juu ya nywele zake, ukarudi.

Nywele?

Bosi akainama. Macho kwa macho.

Redio ikakoroma: "Tumelikamata, dada! Na dereva wake!"

Nyegere alimvika Bosi koti kichwani, akabiringika nje. Beretta ikachomoka.

"Chini, wote wawili."

Wakalala kifudifudi. Akawafunga mikono kwa nyaya za simu, akanyoosha miguu iliyokufa ganzi. Akaiendea kibodi, akaandika nywila moja.

Kioo kikawa cheusi. Feni ikanyamaza.

"Kumbe inazimika!" Shemeji alishangaa.

Bosi akainua kichwa toka sakafuni. "Nimeuliza, nani kapaondoa?"

Nyegere akautema ufunguo mezani, akashika kitasa cha mlango.

"Mama yake."