Kiti cha Kukulia

Asubuhi, kabla cherehani ya Mama haijaanza kulia, Chiriku alikuwa ameshajisogeza ukingoni mwa kitanda, ameshafunga breki za kiti chake cha magurudumu na kuhamia juu yake kwa nguvu za mikono. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu azaliwe. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia joto, baridi wala mwiba. Lakini kwa maneno hakuna aliyemshinda. Alizungumza akivaa, alizungumza akinywa chai, na akikosa mtu alizungumza na kuku. Ndiyo maana nyumbani, mtaani na darasani walimwita Chiriku, na jina lake la cheti hata mwalimu alilisahau.

Kiti hicho kilikuwa na mwezi mmoja tu. Alikinunua shangazi yake, muuza vitambaa sokoni, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa kuliko sauti. Fundi wa karakana ya viti alimwambia, "Mama, mlete mtoto mwenyewe nimpime." Shangazi alicheka tu. Akachagua kipana kuliko vyote, akakipandisha kwenye mkokoteni na kukileta kimefunikwa shuka.

"Wifi, si kikubwa hiki?" Mama aliuliza alipokiona.

"Kikubwa ndiyo! Sketi ya shule huiachii pindo la kukulia? Basi na hiki ni cha kukulia. Atakikalia mpaka aolewe!"

Mama alikuwa fundi cherehani, na neno hilo la pindo lilimwingia sawasawa. Nguo ya mtoto haikutoka mikononi mwake bila vidole vitatu vya kitambaa kukunjwa ndani. Akamshukuru wifi yake, akamwombea kwa Mungu baraka, na kiti kikaanza kazi.

Kilianza na matata. Chiriku alikaa humo kama punje moja ndani ya debe. Akienda kidogo aliporomokea upande wa kushoto, uzito wote ukawa juu ya nyonga moja. Ili kuyafikia magurudumu ilimbidi atanue mikono kama anayetaka kuruka, na jioni mabega yalimwaka moto. Miguu haikufika vizuri kwenye vikanyagio. Mlango wa darasa nao aliupita kwa kuukwaruza huku na huku.

"Chiriku, hicho ni kiti au kitanda cha watu wawili?" aliuliza Rula, jirani yake wa dawati, msichana mrefu, mwembamba kama lile jina lake.

"Kitanda. Ukitaka nitakupangisha upande mmoja."

Darasa lilicheka, na Chiriku alicheka nao. Nyumbani lakini hakusema neno. Angeanzia wapi? Kila Jumamosi Shangazi alipita, akakizunguka kile kiti, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo na kuuliza, "Raha, sivyo?" Naye alijibu, "Raha, Shangazi."

Akajitafutia dawa mwenyewe. Chini ya meza ya Mama kulikuwa na gunia la vipande vya vitambaa. Alishona kimfuko kwa mkono, akakijaza vipande hivyo, akakikalia upande wa kushoto na kukifunika kwa sketi. Kweli, alikaa wima. Akajiona fundi.

Mama alikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na likizo: kila jioni, wakati wa kuoga, ngozi ya makalio itazamwe kwa kioo, isije ikaota kidonda asichokisikia. Zamani aliitazama mwenyewe. Chiriku alipotimiza miaka kumi na miwili aliomba ajitazame, na Mama akakubali, maana mtoto naye ana staha yake. Kuanzia hapo aliuliza tu kutoka nje ya pazia.

"Umetazama?"

"Nimetazama, Mama."

"Kuna kitu?"

"Hakuna."

Siku ya nne tangu akalie ule mfuko, kioo kilionyesha alama nyekundu, ukubwa wa kifungo cha shati. Aliibonyeza kwa kidole. Wekundu haukuondoka, na Chiriku alijua maana yake, kwa sababu muuguzi wa zahanati alishamfundisha: damu haipiti hapo. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umebaki wiki saba. Akisema, atalazwa, na Shangazi ataambiwa zawadi yake ni mbaya.

"Kuna kitu?" Mama aliuliza.

"Hakuna."

Baada ya siku tatu ngozi ilichubuka. Chiriku akaacha kuzungumza. Alikunywa chai kimya, akavaa kimya, na kuku akapita bila kusalimiwa. Mama alimtazama mara mbili, tatu. Jioni hiyo, akifua, aliiona sketi ya shule ina doa.

"Hili ni doa la nini?"

"Wino, Mama."

Mama aliinusa sketi. Akaitua polepole ndani ya beseni, akafuta mikono, akaja kukaa mbele ya binti yake, magoti kwa magoti.

"Mwanangu, mimi nimeshika nguo za watu miaka kumi na tisa. Wino naujua, na usaha naujua. Nakuuliza kwa mara ya mwisho, na Mungu anatusikia wote wawili."

Hapo machozi yalimtoka Chiriku, na maneno yakafuata. Alieleza yote. Mama aliuchukua ule mfuko, akauminya kwa vidole vyake vya kazi, akafumua mshono. Katikati ya vipande laini kulikuwa na kipande cha suruali ya jinzi, na kwenye kipande hicho kifungo cha chuma. Wiki nzima mtoto alikalia chuma bila kujua.

Kesho yake walikuwa zahanati. Muuguzi alikisafisha kidonda na kukifunga.

"Bado ni cha juu," alisema. "Mngechelewa wiki nyingine kingeutafuta mfupa, na hapo ni kulazwa hospitali miezi."

"Na mtihani wangu?" Chiriku aliuliza.

"Lala kifudifudi, usikae kabisa mpaka nikuruhusu. Ukinitii, utafanya. Ukikikalia kiti kwa siri hata siku moja, usinilaumu."

Basi alilala kifudifudi wiki nne, mto chini ya kifua, daftari mbele ya pua. Rula alimletea masomo kila alasiri na kumsimulia vichekesho vya darasani. Jumamosi ya kwanza Shangazi alipoingia na kuona kiti kitupu, Chiriku hakumngoja Mama amsemee.

"Shangazi, kiti ni kikubwa. Tangu siku ya kwanza. Niliogopa kukwambia."

Shangazi alikaa chini. "Kwa hiyo nimekuumiza nikidhani nakupenda?"

"Hapana. Aliyeniumiza ni mimi, kwa kusema raha, raha."

"Kumbe na mimi niliambiwa nikulete upimwe nikajifanya mjuaji," alisema Shangazi. "Basi siku utakaporuhusiwa kukaa, twende wote. Mimi ndiye nitakayekisukuma."

Walipofika karakana wiki ya tano, fundi aliwatokea, yeye pia akiwa juu ya kiti cha magurudumu, chembamba, chepesi, kinachogeuka mahali pamoja kama pia. Alikitazama kiti cha Chiriku akatikisa kichwa.

"Mama wa vitambaa, nilikwambia nini?"

"Uliniambia. Usinimalize mbele ya mtoto."

Fundi alimkalisha Chiriku kwenye benchi gumu, mgongo wima. Alimpima upana wa nyonga, urefu wa paja mpaka nyuma ya goti, na goti mpaka kisigino. Mama alisoma namba kwenye futi, na hakukosea hata moja.

"Nguo ukiiacha kubwa, mtoto anapwaya tu," fundi alimwambia Mama. "Kiti kikiwa kikubwa, mwili unapinda ukikitafuta. Akikua tutabadilisha."

Alichagua kiti kingine na kukubali kile kikubwa kwa kubadilishana, maana hakikuwa na kasoro. Kidole kimoja kilipita kati ya nyonga na ubavu wa kiti, kila upande, basi. Nyuma ya goti paliingia vidole viwili. Alipandisha vikanyagio mpaka nyayo zikatulia na mapaja yakalala sawa, akasogeza magurudumu mbele kidogo ili mikono iyafikie bila kutanuka. Mwisho aliweka mto wa sponji ngumu uliokatwa kwa kipimo, usio na mshono juu, akapenyeza kiganja chini ya makalio ya Chiriku kuhakikisha pande zote zimebeba uzito sawa.

"Mto mzuri haukuondolei kazi yako," alisema. "Kila nusu saa, inama mbele hivi, kifua kwenye mapaja, uhesabu mpaka mia. Hata kwenye mtihani."

Na kwenye mtihani aliinama. Msimamizi alidhani anatafuta karatasi ya kuibia majibu, akaja mbio. Chiriku alimweleza kwa ufasaha na kwa kirefu, mpaka msimamizi mwenyewe akamwomba arudi kwenye maswali.

Jioni ya siku hiyo, cherehani ikiwa imefunikwa, Mama alimwita.

"Mimi nilikosa kwa kutokupima, na Shangazi yako alikosa kwa kutosikia. Makosa yetu fundi ameyarekebisha. Lakini lile 'hakuna' lako lilikuwa halina fundi. Kuna sehemu ya mwili wako ambayo haiwezi kulia, mwanangu, hata ikikatwa. Inakutegemea wewe uililie. Ukinyamaza ili watu tusiudhike, unaiacha peke yake."

"Nimesikia, Mama."

"Ukweli mapema ni alama nyekundu. Ukicheleweshwa, ni kidonda. Haya, sasa niambie maswali yalikuwaje."

Chiriku akavuta pumzi na kuanza na swali la kwanza.