Mama Alipoisoma Fomu ya Mafao

Jumamosi nyumba yetu ilinukia sabuni. Mama alifua tangu asubuhi. Mimi nilianika, na kaka yangu aliteka maji huku akinung'unika. Saa nne hivi, Fundi Saa alibisha hodi.

"Nimekuja kuitazama ile saa ya ukutani," alisema.

"Saa haina ubaya wowote," Mama alijibu.

"Ndiyo maana nimewahi. Nimekuja kabla haijaharibika."

Tulicheka. Hata Mama alicheka, akageuka upande ili tusimwone. Nikizikumbuka Jumamosi zile, moyo wangu huchangamka mpaka leo.

Baba yetu alikuwa amefariki miaka mitano nyuma. Alikuwa mpiga chapa. Alichapa vitabu vya shule, na vidole vyake havikuwahi kuisha wino. Ajabu ni kwamba mke wake hakuweza kusoma hata kitabu kimoja. Baba alipofariki, serikali ilianza kutupa mafao kila mwezi. Mafao hayo ndiyo yaliyotuweka shuleni.

Fundi Saa alitaka kumwoa Mama. Alisema wazi, tena kwa heshima. Mama naye alimpenda. Hilo hata mtoto aliliona. Lakini kila alipoulizwa, jibu lake lilikuwa lile lile: "Bado."

Sababu niliijua siku jirani yetu mshonaji alipomweka kitako.

"Shoga, utamzungusha mwenzio mpaka lini?"

"Nikiolewa, mafao yanakatwa yote," Mama alisema. "Wajane wote wanasema hivyo kwenye foleni. Niwatoe watoto shule kwa ajili ya raha zangu?"

"Basi oaneni kimyakimya. Nani atajua?"

"Mungu atajua. Na wewe utakuwa umeshamwaga mtama kabla ya magharibi."

Mshonaji alicheka mpaka pini zikamtoka mkononi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejua kwamba Mama anajinyima kwa sababu yetu, na iliniuma sana.

Mwaka ule Mama alijiunga na darasa la kusoma la watu wazima. Jioni tulikaa meza moja, mimi na hesabu zangu, yeye na silabi zake. Alisoma kila alichokiona. Alisoma pakiti ya chumvi, akasoma chupa ya dawa. Kaka alilalamika kwamba siku hizi chai hainyweki mpaka pakiti ya majani isomwe yote.

Kila mwaka wajane walikwenda ofisi ya mafao kuhakikiwa. Miaka yote Mama aliweka dole gumba pale alipoonyeshwa, kisha akarudi nyumbani. Mwaka huo alinichukua. Karani alikuwa dada mmoja mwenye miwani. Alitusogezea wino.

"Dole gumba hapa, mama."

"Subiri, mwanangu. Nisome kwanza."

Foleni iliguna. Mama hakujali. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Sehemu ya kwanza. M-ja-ne. Je, umeolewa tena?" Akaendelea. "Sehemu ya pili. Wa-to-to. Umri. Shule."

Akageuza karatasi. Akaigeuza tena.

"Mwanangu, kuuliza si ujinga. Mbona huku kwa watoto hawaulizi kama nimeolewa?"

"Kwa sababu haliwahusu, mama. Sheria yetu imegawa mafao mafungu mawili. Fungu la mjane ni lako. Ukiolewa, hilo linakoma. Fungu la watoto ni haki yao kutoka kwa baba yao. Wao hawajaolewa!"

Foleni ilicheka. Mama hakucheka.

"Kwa hiyo wao wataendelea kupata?"

"Mpaka wafike miaka kumi na minane. Aliye bado masomoni huendelea, akileta barua ya shule."

"Na mume mpya je? Si tutaambiwa sasa watoto ni mzigo wake?"

"Akiwasaidia, Mungu ambariki. Lakini kuja kwake hakufuti haki yao. Wala wajibu wako wa kuwatunza hauishi. Fungu lao litumie kwa matunzo yao. Neno moja tu: ukishaolewa, njoo na cheti cha ndoa utoe taarifa. Anayeficha hutakiwa kurudisha alichopokea."

"Miaka mitano," Mama alisema. "Miaka mitano naweka dole juu ya karatasi hii hii!"

Akalia palepale. Karani alimsubiri. Kisha Mama akachukua kalamu, akaandika jina lake, herufi baada ya herufi. Tulipogeuka kuondoka, mjane mmoja kwenye foleni alimshika mkono.

"Dada," alisema, "hebu nisomee na yangu."

Walioana miezi miwili baadaye. Mshonaji alishona gauni, akalia kuliko bibi harusi. Wiki hiyo hiyo Mama alipeleka cheti cha ndoa ofisini. Fungu lake lilikoma. Letu likaendelea.

Lakini Kaka alimnunia Fundi Saa. Hakumwita kwa jina lolote. Usiku wa harusi aliniambia, "Sasa Baba ndiyo amesahaulika."

Mwisho wa mwezi mafao yetu yalikuja. Mama aliyaweka mezani mbele ya mume wake, kama alivyozoea kufanya na kila pesa enzi za Baba. Fundi Saa aliyarudisha upande wa Mama.

"Haya siyagusi," alisema. "Baba yao bado anawasomesha. Mimi nitawalisha."

Nilimtazama Kaka. Aliinama. Kisha akainuka, akaleta maji ya kunawa, akasimama mbele ya Fundi Saa.

"Nawa, Baba," alisema. "Chakula kinapoa."