Bata-Bahari wa Bibi Gunnvor

Kila asubuhi ya majira ya kuchipua, Aslaug alivaa sweta ileile ya kijivu, akamshika mkono bibi yake Gunnvor, wakashuka hadi kwenye vijumba vya mawe kando ya bahari, walivyovitandika mwani ili bata-bahari watage humo. Macho ya bibi yalikuwa yamefifia, kwa hiyo mjukuu ndiye aliyemtambulia ndege: shakwe, madume meupe ya bata-bahari, majike ya kahawia. Wakati wa baridi bata hao walikuwa wengi majini, lakini mwaka ule jike mmoja tu alipanda nchi kavu kutaga. Ni yule mwenye baka jeupe bawani, aliyerudi kwa bibi kila mwaka.

"Usibadilishe nguo mpaka vifaranga watoke," bibi alimwonya. "Nguo mpya kwake ni mtu mgeni."

Shuleni, mwanafunzi mwenzake Torvald alijiziba pua. "We, sweta hilo unalala nalo? Unanuka mwani!"

Darasa zima likacheka. Kesho yake, bibi akiwa bado kitandani, Aslaug alivaa koti lake jipya jekundu akaenda kutazama kiota peke yake. Bata alimwona akakurupuka. Papo hapo shakwe wakatua. Aslaug alipiga kelele, akarusha mawe, lakini mayai yote yaliliwa.

"Ni fisi maji aliyekula mayai, Bibi," alidanganya jioni walipofika kwenye kiota.

Bibi alipapasa kiota, akanusa vidole. "Bata akitoka kwa hiari yake huyafunika mayai. Akishtuliwa huyachafua kwa kinyesi. Huyu alishtuliwa. Nani alikuja hapa, mjukuu wangu?"

Aslaug akasema yote. Bibi hakumgombeza. Alikaa juu ya jiwe akalia, na Aslaug aliona afadhali angechapwa.

Mwaka mzima ulipita. Majira ya kuchipua yaliporudi, walisimama tena ufukweni, Aslaug akiwa na sweta yake ya kijivu. Bata mmoja akaogelea karibu, baka jeupe likionekana wazi bawani, kisha akapitiliza kuelekea kisiwa cha jirani.

"Nasikia bata," bibi alisema kwa hamu. "Ni yeye?"

Aslaug alitamani sana kusema siye.

"Ni yeye, Bibi. Ametupita."

Machozi yalimtiririka bibi. Kisha akautafuta mkono wa mjukuu wake.

"Asante kwa kuniambia. Mimi naona kwa macho yako, Aslaug. Ukinidanganya ndipo ninapokuwa kipofu. Haya, twende tukatandike mwani mpya, huenda mwingine akaja."