Lozi za Buluu kutoka Palermo

“Mama, hiyo cheni ya dhahabu irudishe melini! Hapa ni Napoli, si sebuleni kwako!”

Nunzia alikuwa amesimama bandarini, mwavuli wake wa njano juu, na abiria wa meli ya *Aurelia* wamemzunguka kama vifaranga na mama yao.

“Na mimi je?” akauliza mzee mmoja mwenye kofia ya majani.

“Wewe babu, mkoba uweke mbele, uubebe kama mjamzito. Pasipoti iko wapi?”

“Mfuko wa nyuma.”

“Basi ushampa mtu, ila hajaja kuichukua.”

Watu wakacheka. Mzee akaihamisha haraka.

“Sikilizeni wazazi wangu,” Nunzia akaendelea. “Kahawa huku inanywewa wima. Ukikaa, umelipia na kiti. Teksi, patana bei kabla hujafunga mlango. Pizza ya kukaanga mtaila, lakini ipulizeni kwanza, sitaki mtu aungue ulimi ashindwe kuuliza njia. Na hili la mwisho lisikieni kwa masikio yote mawili: aliyetoka na mabasi ya meli, meli itamngoja. Aliyetoka na mimi haimngoji ng'o! Inaondoka saa kumi, uwemo usiwemo. Saa tisa nawataka hapa.”

“Na atakayechelewa namwozesha shemeji yangu mjane,” akadakia Mjomba Sabatino, kaka wa mama yake Nunzia, aliyekuwa dereva wa basi lao dogo. “Anapika vizuri, ila anapiga.”

“Mjomba, utanikimbizia wateja!”

Siku hiyo Nunzia alikuwa amejaa furaha hadi pomoni. *Aurelia* ilikuwa meli ya Catello, mchumba wake, mhudumu wa mezani mwenye meno meupe na maneno matamu. Kila wiki meli ilipotia nanga, Catello alipewa masaa machache ya kushuka. Uchumba wao wa miaka minne ulikuwa wa hivyo hivyo, wa kuibia masaa: kikombe cha kahawa, mikono kushikana, halafu king'ora kinalia. Lakini sasa kanisa limeshapatikana, ndoa ni Septemba. Nyumbani kwao meza ya jikoni ilikuwa haionekani kwa lozi za sukari nyeupe, zile wanazogawiwa wageni wa harusi, Nunzia na mama yake wakizifunga jioni baada ya jioni kwenye vitambaa vya wavu.

Na hata kazi hii, mwenye kumletea wateja alikuwa Catello. Kule melini abiria walimuuliza: Napoli tufanye nini, tule wapi, tusiibiwe vipi? Naye aliwajibu, mtafuteni Nunzia wa mwavuli wa njano.

Basi wakaingia mitaa ya zamani, ile myembamba ambayo nguo zinaanikwa juu ya vichwa vya watu. Wengine wakatawanyika madukani. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe, mjane kutoka Trieste anayeitwa Ornella, akaanguka kwenye kiti cha mkahawa.

“Mwanangu, nitalipia na kiti. Miguu imekataa.”

“Kaa, Bi Ornella. Nitakaa na wewe, nikutegee kitendawili. Anakuja mara moja kwa wiki, anaula mji mzima, anaondoka bila kusema asante.”

“Meli!” Ornella akapiga makofi kwa furaha. “Nami nakutegea. Hana jino hata moja, lakini kila siku anamla mama yake.”

Nunzia akafikiri, akafikiri.

“Nimeshindwa. Nakupa mji wa Roma.”

“Roma nimekwenda, nikala nikashiba, na jibu lake ni mtoto mchanga!” Ornella akafungua mkoba wake, akatoa kifuko kidogo cha kitambaa kilichofungwa kwa utepe wa buluu. “Na huu ni mzigo wako. Hongera sana, shangazi!”

“Shangazi wa nani?”

“Usinifiche, nimeshajua yote! Wewe si ndiye dada yake Catello? Jana tulikuwa Palermo. Nilimwona akishuka mbio nikamfuata kwa umbea wangu, nikamwona kwa mbali na mkewe mtarajiwa sokoni, anauza zeituni. Binti mzuri! Nilipomwambia leo nitakuwa Napoli na nitatembezwa na wifi yake, alinishika mkono akanisihi nikuletee. Lozi za ubatizo. Anasema ulikosa sherehe lakini lozi huwezi kukosa. Catello alikuwa ameshakwenda kununua maziwa, hakuniona hata.”

Kifuko kilikuwa chepesi. Huko Italia kila mtu anajua: lozi nyeupe ni za harusi, za waridi ni mtoto wa kike, za buluu ni wa kiume.

“Anaitwa nani?” Nunzia aliisikia sauti yake kama inatoka chumba cha pili.

“Aniello. Jina la babu yake mzaa baba, Mungu amlaze. Si baba yenu huyo?”

Wanangu, hapo ndipo kisu kilipoingia. Kwa watu wa huko, mtoto wa kiume wa kwanza hubeba jina la babu yake, baba wa baba. Jina ni moja na wa kulibeba ni mmoja. Mzee Aniello, baba yake Catello, alipokuwa anakata roho, Nunzia ndiye aliyemshika mkono, na mzee alimwambia mbele ya watu: binti yangu, utanizaa mimi.

“Umekuwaje mwanangu? Umekuwa mweupe.”

“Jua tu, Bi Ornella.”

“Amenipa na namba ya simu, anataka asikie sauti yako. Anaitwa Provvidenza.”

“Niandikie.”

Aliwarudisha abiria wake wote bandarini kabla ya saa tisa, hakumpoteza hata mmoja. Aliwatania mpaka mlangoni. Ornella alimbusu mashavu yote mawili. Walipokwisha kuingia, Nunzia akatoa simu akaandika:

“Nakusubiri nje ya geti la bandari, pale pa magazeti.”

Jibu likaja: “Leo nipo zamu mpenzi, wiki ijayo nitakufidia. Nakupenda kuliko jana.”

Akaandika tena: “Wifi yangu wa Palermo amenitumia lozi za Aniello.”

Kisha Nunzia akamwona anatoka getini mbio, koti jeupe la kazi mwilini, vifungo vimekaa upande.

“Nunzia, nisikilize…”

“Umevaa vibaya. Fungua vifungo uanze upya.”

“Nunzia!”

“Uliniita dada yako.”

“Melini hawaturuhusu kuwapeleka abiria kwa wachumba zetu. Nikasema dada. Lilianza hivyo tu, kama mzaha.”

“Na Palermo lilianza vipi?”

Catello akatazama chini. “Majira ya baridi, meli ilipokuwa kwenye matengenezo. Tulikaa kule miezi. Nilikuwa mpweke.”

“Mimi nimekuwa mpweke miaka minne, Catello. Nimezaa na nani?”

“Nilitaka kukuambia.”

“Lini? Kanisani, padri akiuliza kama kuna mwenye pingamizi?”

Mjomba Sabatino, aliyekuwa amekaa kwenye basi lake hatua chache kutoka hapo, akafungua mlango. “Nunzia, nije nimpige, au nimpige nikiwa hapa hapa?”

“Kaa, mjomba.”

“Basi nakaa. Lakini nakaa vibaya.”

“Unampenda?” Nunzia akauliza.

“Nampenda mtoto.”

“Nimekuuliza mama yake.”

“Sijui. Nikiwa huku nakupenda wewe.”

“Na ukiwa kule?”

Catello alimshika Nunzia mikono yote miwili, machozi yanamtoka kama mtoto. “Nabaki. Umesikia? Sirudi melini. Iondoke na mizigo yangu na mshahara wangu. Twende kwa mama yako sasa hivi. Septemba tunaoana kama tulivyopanga.”

Nabaki. Neno hilo Nunzia alilingoja miaka minne. Kila wiki, king'ora kilipolia, alikuwa akiomba kimoyomoyo mwanaume huyu ageuke aseme nabaki. Leo amelisema. Ilimtosha Nunzia kunyamaza tu, amshike mkono hivyo hivyo, meli iondoke. Meli haimngoji mtu, yeye mwenyewe ndiye anayewaambia wageni hivyo kila siku. Na alitaka kunyamaza. Mungu ndiye shahidi, alitaka.

“Na mwanangu wa kwanza nitamwita nani?” akauliza taratibu.

“Jina lolote, mpenzi. Jina ni nini?”

Nunzia akaitoa mikono yake. Akabonyeza namba, akaweka simu ili wote wasikie.

“Haloo? Nani mwenzangu?”

“Nunzia. Wa Napoli.”

“Wifi! Ee Mama wa Mungu, wifi yangu! Ngoja nipunguze redio. Lozi zimefika? Hazikuvunjika?”

“Zimefika nzima.”

“Nilimwambia Catello, dada yako hakuja ubatizo kwa sababu ya kazi, sawa, lakini na lozi akose? Tumekuwa watu gani! Akasema atakuletea yeye, wiki zinapita, namjua mvivu huyu. Aniello, msikie shangazi yako, msikie…”

Kwenye simu kikasikika kile kisauti cha mtoto anayenyonya akiachishwa ghafla. Catello akafunga macho.

“Provvidenza.”

“Niite Provvi.”

“Provvi, umekaa?”

“Nimekaa, nanyonyesha.”

“Mimi si dada yake.”

Soko la Palermo likasikika lote, watu wanaita bei za samaki. Halafu likawa kama limefunikwa, mtu akiingia ndani na kufunga mlango.

“Mnaoana lini?” Provvidenza aliuliza. Sauti ilikuwa imekwisha nguvu.

“Septemba. Ninyi je?”

“Krismasi. Nyumba ikiisha.”

“Anayoijenga Castellammare?”

“Yenye mlimau uani.”

“Hiyo hiyo. Na mimi ameniahidi.”

Wakalia. Mmoja hapa, mmoja kule, wote wawili katika simu moja, na mwanaume amesimama katikati kama nguzo ya taa.

“Yuko hapo?”

“Yuko.”

“Analia?”

“Analia.”

“Mwache alie.” Provvidenza akapenga kamasi. “Dada, sikujua. Naapa kwa mwanangu.”

“Najua. Ungejua usingenitumia lozi.”

“Anasemaje?”

“Anasema anabaki huku.”

Provvidenza akasema, “Basi abaki. Mimi mwanaume simkimbilii. Ila dada yangu, nakuomba kitu kimoja, mwambie asimpe mtu mwingine jina la mwanangu. Hana kingine cha kwao.”

Simu ikakatika. King'ora cha kwanza cha *Aurelia* kikalia, kile kinachotikisa vioo vya madirisha. Nunzia akajifuta uso kwa mkono wa blauzi.

“Mjomba, washa gari.”

“Tunakwenda wapi?” Catello akauliza.

“Kwenye meli yako.”

“Nimesema nabaki!”

“Ukiachwa na meli ni kazi basi, hakuna meli itakayokuchukua tena. Aniello atakula nini? Zeituni?”

“Na sisi?”

“Panda, Catello.”

“Nunzia, nipende kidogo tu, hata kama umekasirika…”

“Nakupenda sana, mjinga wewe. Ndiyo maana nakuomba upande kabla sijabadilisha mawazo.”

Mjomba Sabatino aliendesha siku hiyo kama mwizi. Alipiga honi, akawatukana wenye pikipiki, na wao wakamtukana na mama yake. Hakumtazama Catello hata mara moja. Walipofika kizuizi cha mwisho, magari hayaruhusiwi tena, na gati bado ni ndefu, inanyooka mpaka kwenye meli nyeupe iliyo kubwa kama mtaa. Mabaharia walikuwa wameanza kufungua kamba.

“Shuka,” Nunzia akasema. “Kimbia.”

Catello akamtazama kwa mara ya mwisho, akataka kumbusu. Nunzia akageuza shavu, kisha akamsukuma kifuani.

“Kimbia! Na wiki ijayo ukifika Palermo, shuka wa kwanza, ukapige magoti.”

Catello akakimbia.

Sasa abiria wa meli hizi wana mchezo wao. Saa ya kuondoka ikifika, hujazana juu kwenye vyuma vya kuegemea, vinywaji mkononi, kuwatazama waliochelewa wakikimbia gatini. Hupiga miluzi, hushangilia, hupiga picha, wengine huwekeana dau kama atawahi au ataachwa. Walipomwona mhudumu wao mwenyewe anakimbia na koti lake la vifungo vya upande, meli nzima ikalipuka.

“Ca-tel-lo! Ca-tel-lo!”

Alijikwaa, akasimama, akaendelea. Ngazi ilikuwa imeshaanza kuvutwa. Baharia mmoja akamnyooshea mkono, akamdaka, akamwingiza ndani kama gunia. Makofi yakapanda mpaka mjini. Watu wasiojuana walikumbatiana kule juu.

Nunzia alisimama kwenye kizuizi, mikono imeshika chuma. Mjomba wake akaja akasimama nyuma yake, hakusema utani wowote, akamwekea koti mabegani ijapokuwa hapakuwa na baridi.

Meli ikasogea polepole. Juu kabisa, mwanamke mmoja mwenye nywele nyeupe alikuwa akipunga leso kwa nguvu kuliko wote, akielekeza kidole gatini, akiwaambia wenzake, mwoneni yule, yule pale ni dada yake. Na wote wakamgeukia Nunzia, wakamshangilia na yeye, kwa sababu kaka yake amewahi.

Nunzia akainua mkono akawapungia. Akaendelea kupunga mpaka nyuso zao hazionekani tena, na hata baada ya hapo mkono ulikuwa haujui ushuke vipi.